Jino la Gia Kwenye Funguo za Bingwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkufunzi mkuu wa madereva wa shirika letu atakabidhi funguo za basi la wafanyakazi na kwenda nyumbani kupumzika. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, kila mtu hapa humwita Bingwa. Wasifu huu umeandikwa na karani wa Idara ya Usafirishaji kwa ajili ya hafla ya leo. Umesomwa na Mkuu wa Idara mara mbili, na Bingwa mwenyewe mara moja. Yaliyomo yamethibitishwa na waliohusika wote.

Bingwa ni mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa dereva wa lori na mama mshonaji. Inasemekana alijua kubadili gia kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, ingawa mama yake alipenda kuongeza kwamba viatu vyenyewe hakuwa navyo. Alipofikisha miaka ishirini aliingia katika mbio za magari, na kwa misimu minane hakuna aliyezungumzia kona bila kumtaja. Alitwaa ubingwa mara tatu. Picha yake akiwa amesimama juu ya boneti ya gari la njano, kikombe kichwani kama ndoo ya maji, ipo kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, kati ya kizimamoto na ratiba ya usafi. Ukiitazama vizuri utaona, nyuma ya gurudumu, kijana mwembamba aliyevaa ovaroli, ameshika spana na kucheka kuliko bingwa mwenyewe. Tutarudi kwa kijana huyo. Ilitupasa tuwe tumerudi kwake zamani.

Bingwa alipoacha mbio, shirika lilimchukua mara moja. Meneja wa wakati ule hakuficha sababu: alitaka watu waje kumwona. Siku ya kwanza alipopewa basi la wafanyakazi, abiria walifunga mikanda, waliokosa mikanda wakashika viti, na mama wa masijala, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu wanne, alivua miwani na kuiweka kwenye mkoba ili isivunjike. Basi likaondoka polepole, likapita mzunguko wa barabara polepole, likapitwa na baiskeli ya muuza mikate. Abiria mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Bingwa, kwa mwendo huu tutafika tumestaafu!" Naye akajibu bila kugeuka, "Ni vizuri. Utastaafu ukiwa na miguu yote miwili." Utani huo haujafa hadi leo, na leo angalau mmoja wa hao wawili amefika huko kustaafu.

Baada ya miaka michache alifanywa mkufunzi. Madereva wote mnaowaona kwenye magari yetu wamepita mikononi mwake, na somo lake la kwanza ni lile lile. Mwanafunzi anakaa kwenye usukani, injini inawaka, gari halitembei. Kisha Bingwa anamuuliza, "Unaogopa nini?" Anayejibu "Siogopi kitu" hupewa ndoo na kitambaa akaoshe magari, na kesho yake huulizwa tena. Dereva wetu wa lori la mizigo, anayejulikana kwa mdomo kuliko kwa breki, aliosha magari wiki nzima. Siku alipokiri kwamba anaogopa daraja jembamba, Bingwa alimpa mkono na kumwambia, "Sasa wewe ni dereva. Mwoga ndiye anayejua breki iko wapi." Tulidhani ni kichekesho chake tu. Hatukujua kwamba mkufunzi alikuwa akijisomesha mwenyewe. Katika miaka yote hiyo hakuna gari lililoendeshwa na mwanafunzi wake lililoua mtu. Hakuna kikombe kinachotolewa kwa jambo kama hilo, na labda kingepaswa kuwepo.

Hapo ndipo wasifu wa Bingwa uliochapwa katika toleo la maadhimisho ya shirika uliishia, pamoja na sentensi moja: kwamba aliacha mbio akiwa kileleni, baada ya fundi wake kufunga gia vibaya na kumwangusha kwenye mstari wa kuanzia. Sentensi hiyo ilikuwa tayari kunakiliwa hapa neno kwa neno. Haikunakiliwa kwa sababu ya funguo.

Kwa utaratibu wetu, dereva anayestaafu hukabidhi funguo kwa karani, na karani hutenganisha za shirika na zake binafsi. Bingwa alileta funguo zake wiki iliyopita ili zitenganishwe mapema. Kwenye pete palikuwa na kipande cha chuma cheusi, kidogo kama punje ya mahindi, chenye tundu lililotobolewa kwa mkono. Wengi wetu tumekiona kikining'inia chini ya usukani, na kila mmoja ana hadithi yake juu yake: kwamba ni kipande cha kikombe, kwamba ni hirizi ya mbio. Karani alimuuliza ni cha nani, ili kisije kikaingizwa kwenye mali ya shirika kwa bahati mbaya. Bingwa alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi katika ofisi ya mtu mwingine.

"Hilo ni jino la gia," alisema. "Si mali ya shirika. Wala si langu."

Alichosimulia baada ya hapo kinaandikwa hapa kwa sababu aliagiza kiandikwe.

Zilikuwa mbio za kufungua msimu wa tisa. Uwanja ulijaa, magari yalipangwa, injini zikanguruma. Bendera ikashuka. Magari yote yakaondoka isipokuwa la njano. Bingwa anasema hakukuwa na sababu, na kwamba angekuwa na sababu angeisema siku ile ile. Hakuwa mgonjwa, hakuwa ameota ndoto mbaya, hakuna mwenzake aliyeumia wiki ile. Mguu wake tu ulikataa. Ulikuwa juu ya breki, unatetemeka, na gia ilikuwa huru, haijaingizwa. Uwanja mzima ukaanza kupiga miluzi, kisha kucheka.

Fundi wake alifika mbio, akaingiza kichwa dirishani. Ndiye kijana mwembamba wa kwenye picha. Aliutazama mguu, akautazama mkono wa gia, akamtazama usoni. Halafu akatoa kichwa na kuwapigia kelele waamuzi, huku akijipiga kifua: "Gia imekatika! Kosa langu! Nimefunga vibaya!" Akalisukuma gari hadi gereji ya timu, akateremsha mlango wa bati, na kabla wakaguzi hawajafika alifungua giaboksi aliyoifunga kwa mikono yake kwa siku nyingi, akashika nyundo, akavunja jino. Wakaguzi walipoingia walikuta kilichosemwa. Jino lenyewe lilikuwa limerukia chini ya kiti alichokalia Bingwa, ambaye bado alikuwa amevaa kofia ngumu kichwani ili mtu asimwone uso.

Waswahili husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile kicheko kilimkuta asiyekuwa mwoga. Bingwa aliondoka uwanjani akisindikizwa kwa pole. Fundi aliondoka akizomewa, na tangu siku hiyo hakuna timu iliyompa gari la mbio hata alifute vumbi.

Wasomaji wa wasifu huu mmeshajua ni nani, na huenda baadhi yenu mnatazama viatu vyenu, kama tulivyotazama vyetu hapa ofisini. Ni fundi matairi wetu. Ni yule tunayemwita Gia.

Alikuja kuomba kazi hapa miaka mitano baada ya Bingwa. Meneja aliisikia hadithi ya uwanjani, akacheka, akamwajiri kwa sharti moja ambalo bado linarithishwa kwa mdomo katika karakana yetu, kutoka kwa mkuu mmoja hadi mwingine: matairi sawa, gia asiguse. Hajagusa. Kila basi linapokwaruza likipanda mlima, abiria wote, waandamizi kwa vibarua, huimba kwa pamoja, "Giaaa! Umefunga nini leo?" Naye, akiwa amekaa kiti cha nyuma na mfuko wake wa chakula mapajani, hupunga mkono kama mtu aliyeitwa jukwaani. Anayeendesha basi hilo ni Bingwa. Kioo cha juu yake kinaonyesha abiria wote hadi kiti cha mwisho. Amekuwa akiona na kusikia kila asubuhi na kila jioni, na hakusema neno.

Aliulizwa kwa nini. Ni swali ambalo karani aliliuliza kwa uoga na angefurahi kama lingejibiwa kwa hasira. Bingwa alisema mwaka wa kwanza aliona aibu ya kuogopa. Mwaka wa pili aliona aibu ya kunyamaza mwaka wa kwanza. "Baada ya hapo," alisema, "aibu inajiendesha yenyewe. Haihitaji dereva."

Mke wake, aliyepita ofisini siku iliyofuata kuleta picha za zamani, alikuwa mkali zaidi kuliko sisi tunavyoweza kuandika. Bingwa na fundi hula pamoja kila mwisho wa juma, nyumbani kwa Bingwa, na watoto wa Bingwa humwita fundi baba mdogo. "Miaka yote nawapikia chai, wanakaa wanatazamana kama kuku wageni," alisema. "Mmoja anajua, mwingine anajua kwamba anajua, na mimi najua wote wawili. Nimemwambia, baba watoto, kazini ustaafu, lakini na hili usije nalo ndani. Nyumba ni ndogo."

Kwa hiyo Bingwa alitoa sharti. Ikiwa wasifu wa leo ungerudia ile sentensi ya zamani, asingehudhuria. "Wekeni keki mbele ya kiti kitupu mkipigie makofi," alisema. Mkuu wa Idara, kwa upande wake, alikuwa ameshaagiza bango lenye maneno "Bingwa Asiyejua Hofu", nalo lilikuwa limeshachapwa.

Jambo gumu zaidi lilikuja kutoka upande ambao hatukuutarajia. Fundi alisikia, kwa kuwa katika karakana hakuna siri inayodumu zaidi ya saa ya chai. Alikuja dirishani kwa karani, mikono imejaa vumbi jeusi la matairi, akakataa kuingia asichafue sakafu.

"Mwanangu," alisema, "usiandike. Kitu nilichompa nilimpa. Zawadi haidaiwi mbele za watu."

Akaelezwa kwamba nafasi ya mkuu wa karakana imetangazwa, kwamba jina lake liliondolewa mara mbili huko nyuma kwa sababu ya hadithi hiyo, na kwamba likiondolewa tena hatapata nyingine kabla ya yeye naye kustaafu. Alicheka. Alisema amezoea matairi. Tairi likiwa na tatizo linapiga mluzi, halisingizii mtu. Lakini hakuondoka dirishani. Alikuwa akifuta kidole kimoja kwenye ovaroli, kidole kile kile, muda wote.

Ikabidi wakutanishwe. Mkuu wa Idara aliwaita wote wawili ofisini kwake, akamwita na karani ili aandike kile kitakachokubaliwa. Bango lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma ya mlango, maneno yakiangalia ndani ya chumba. Kwa dakika kadhaa wanaume watatu wazima walizungumza kuhusu mvua.

Mwishowe Bingwa alisema, "Ndugu yangu, kila siku wanakuita Gia mbele yangu."

"Si jina baya," fundi akajibu. "Wewe wanakuita Bingwa, na wewe huendeshi, unasukuma mkokoteni."

Mkuu wa Idara alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Ninaomba uniruhusu niseme," Bingwa alisema. "Siombi kwa ajili yako. Wewe huna haja. Mimi ndiye nimechoka kuendesha watu wanaokucheka."

Fundi akasema jambo ambalo ameturuhusu kulichapa, kwa sharti kwamba tusilipambe. Alisema kama ni lazima iandikwe, basi iandikwe yote: hakumficha Bingwa kwa wema peke yake. Alipouona ule mguu unatetemeka yeye mwenyewe aliona haya, kwa sababu alikuwa amewaringia watu msimu mzima kwamba gari lake linaendeshwa na mtu asiyeogopa. Alivunja jino ili asiaibike naye. "Na mlipokuwa mnanicheka kwenye basi," aliongeza, akimtazama karani kwa upole uliouma kuliko karipio, "nilikuwa najua kitu msichokijua. Hilo lilinipa raha yake. Si kwamba nimeteseka miaka yote. Ila gia..." Akatazama mikono yake. "Gia nimezikosa. Hilo siwezi kudanganya."

Mkuu wa Idara alisimama, akaligeuza bango likatazama ukuta, akakaa tena. Kisha akasema kwamba lile sharti la karakana halikuwahi kuandikwa popote, na kwamba anaona haya kugundua jinsi jambo lisiloandikwa linavyoweza kutiiwa muda mrefu hivyo, naye akiwa miongoni mwa waliolitii. Kuanzia siku hiyo limekwisha. Kuhusu nafasi ya mkuu wa karakana, usaili ni baada ya wiki mbili na kamati itaamua. Wasifu huu hauna mamlaka ya kuahidi. Lakini jina la fundi limo kati ya watakaosailiwa, na hakuna atakayeliondoa kwa hadithi.

Bingwa alitoa lile jino mfukoni akamsogezea mwenzake mezani. Fundi alilisukuma lirudi. "Nitafanya nini na jino bovu, mimi ni mganga wa meno? Kaa nalo. Litie kwenye funguo za nyumba yako." Hivyo ndivyo lilivyo sasa. Karani anathibitisha kwamba si mali ya shirika.

Mengine kuhusu Bingwa mnayajua na yanastahili kusemwa kwa furaha, kwa kuwa leo ni siku yake. Amewafundisha kuendesha mabinti zake wote wawili na mkwe mmoja, na ni mkwe tu aliyelia. Ana bustani ya mboga anayoimwagilia taratibu mno, mke wake anasema, hadi mvua humkuta bado yuko tuta la kwanza. Hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja, jambo linaloonyesha kwamba anayekwenda polepole hufika, mradi aondoke mapema. Atakumbukwa kwa ndoo na kitambaa. Atakumbukwa kwa swali lake, ambalo karani mmoja ambaye hana hata leseni aliulizwa wiki hii na akajibu, kwa mara ya kwanza bila kusita, kwamba anaogopa karibu kila kitu, hasa kuandika jambo hili. Bingwa alimpa mkono.

Kwenu nyote mtakaopanda basi baada ya leo: hatuwaambii msitaniane. Fundi mwenyewe amesema jina lake la Gia aachiwe, ameshalizoea na hana nguvu ya kujifunza jingine. Tunachoomba ni kwamba basi litakapokwaruza mlimani, kila mmoja akumbuke anacheka nini, na kioo cha juu ya dereva kinaonyesha nani.

Basi hilo, kwa kweli, limekuwa likikwaruza mwaka mzima. Jumatatu asubuhi litapandishwa kwenye jeki katika karakana yetu na fundi ataifungua giaboksi yake kwa mkono wake mwenyewe. Ameombwa achague msaidizi kati ya mafundi vijana. Amekataa wote. Amesema anahitaji tu mtu mmoja wa kumshikia tochi, mtu asiye na haraka, na mtu huyo amekubali kuja, ingawa siku hiyo hatakuwa tena mfanyakazi wa shirika na itabidi aandikiwe ruhusa ya mgeni getini. Ruhusa hiyo imeshaandikwa.

Bingwa, asante kwa kila safari uliyotufikisha wazima. Asante pia kwa hii ya mwisho, iliyokuwa ngumu kuliko zote na hukuiendesha peke yako. Tunakutakia maisha mema huko uendako, bustani yenye mvua za wakati wake, na mkono uliotulia siku ya Jumatatu utakaposhika ile tochi. Ukitetemeka, usijali. Sasa tunajua, na hakuna atakayecheka.